Bwana Nyama na Upepo wa Burigi

Niliingia kazi ya askari wa wanyamapori Biharamulo katika miaka ya 1980, nikiamini kazi yenyewe ni macho na bunduki. Vijijini walituita bwana nyama. Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja msaka nyayo, aliyewasindikiza wawindaji wenye leseni tangu ujana wake. Kila tulipokuta kwato mbichi za mnyama, kabla sijainama kuzitazama, aliniuliza, "Mwanangu, pua yake inaelekea wapi?"

Swali hilo lilikuwa na jibu moja tu la maana: upepo. Mzee alichomoa kimfuko cha kitambaa chenye majivu, akakitikisa mara moja mbele ya kifua chake. Vumbi jeupe liliruka, likasita, likageuka. Likitujia usoni tulisonga mbele. Likitangulia kule aliko mnyama, tulizunguka, hata kama mzunguko ungetula asubuhi nzima.

Wawindaji wageni walichukia mizunguko hiyo, nami nawaelewa, kwa sababu upepo wa kwetu hautabiriki kirahisi. Kiangazi, Juni hadi Septemba, upepo mkuu hutoka kusini-mashariki. Ungekuwa huo peke yake tungelala usingizi. Lakini Ziwa Viktoria liko mashariki mwetu. Jua likipanda, ardhi hupata joto kabla ya maji, na hewa ya ziwani huvutwa kuja bara. Kisha kuna vilima vya Ngara. Usiku na alfajiri hewa baridi hushuka mabondeni. Kufika saa tatu au saa nne asubuhi, miteremko ikishapata joto, hewa hugeuka na kupanda. Katikati ya mageuzi hayo majivu huzunguka palepale bila mwelekeo. Mzee alipoona hivyo alikaa chini ya mti, akatuamuru tunyamaze, mbung'o wakatuuma mpaka hewa ilipojua inakokwenda.

Nilimwona swala korongo kwa karibu asubuhi ya namna hiyo. Dume, uso mweusi wenye mabaka meupe, pembe zilizopinda nyuma, masikio marefu yenye kishungi cha nywele nchani. Alikuwa akila majani machanga yaliyochipua baada ya moto wa kiangazi. Alitutazama kwa muda mrefu wala hakutikisika. Tulikuwa tumesimama kimya, na macho yake hayakutudhania lolote. Ndipo hewa ilipogeuka shingoni mwangu. Sikuhisi zaidi ya ubaridi kidogo. Yeye alipiga kwato chini, akakoroma, na kundi zima likaingia miomboni kabla mgeni hajainua bunduki. Mzee alitabasamu tu, akaanza kutafuta njia ya kuwazunguka.

Hali ya hewa ilikuwa na sheria zake pia. Upepo mkali ulipotikisa majani, swala hawakutulia: sikio halina kazi pakiwa na kelele, kwa hiyo waliruka kwa kila kivuli au wakajificha vichakani. Asubuhi yenye umande harufu hukaa chini, karibu na nyasi. Adhuhuri kavu huitawanya. Vuli ilipoanza, mvua ya kwanza ilifuta nyayo zote za kiangazi, na kila unyayo uliofuata ulikuwa wa siku hiyohiyo. Lakini maji yalipojaa kila mahali, wanyama waliacha kutegemea Ziwa Burigi na mabwawa, wakatawanyika.

Elimu hiyo ya uwindaji ndiyo iliyotusaidia kulinda wanyama. Mwisho wa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikazaliwa Ngara. Walikuwa watu wenye njaa na hofu, nao walihitaji kuni na kitoweo. Ujangili ulikua, na wengi wa waliofaidika na biashara ya nyama hawakuwa wakimbizi. Misitu ilikatwa, mapori yakawa kimya.

Majangili walijua upepo kama sisi. Waliweka mbwa upande wa hatari, nao hawakukaribika kirahisi. Ila nyama mbichi haisafiri mbali katika joto lile. Sharti ikaushwe juu ya kichanja, na moshi wake hauna siri. Usiku hewa baridi huushusha bondeni, mzito, wenye harufu ya mafuta yaliyoungua. Tulikaa chini mtoni, bila sigara, tukinusa. Harufu ikifika, tulipanda taratibu kuifuata, upepo ukitushukia usoni, mbwa wasipate hata chembe ya jasho letu. Nimekamata watu wengi kwa pua kuliko kwa darubini.

Julai 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707, na uwindaji wa leseni ukakoma humo. Nilifurahi, na bado nafurahi. Vijana waliotupokea kijiti wana magari na vifaa ambavyo hatukuviota. Ninachowaomba ni kuhusu ratiba: doria isipangwe kwa saa za ofisi. Kikosi kiwe bondeni usiku wa manane, kikae humo mpaka hewa itakapogeuka asubuhi, kwa kuwa gari linaloondoka kambini saa mbili linamkuta jangili ameshazima moto na kubeba nyama yake.