Filamu Inaanza Saa Ngapi?

Likizo ya Juni mwaka 2003, mvulana wa darasa la sita kutoka Ipinda alipelekwa kwa mjomba wake Kyela mjini akasaidie kuanika mpunga na kufukuza kuku. Mjomba alikuwa na baa ndogo, na juu ya bati la baa kulikuwa na dishi kubwa lililomgharimu, kwa maneno yake mwenyewe, ng'ombe wawili na amani ya nyumbani. Jioni ya kwanza mvulana alijipenyeza kati ya wateja, akakaa sakafuni, akatazama. Kwenye televisheni watu walikuwa wamelala. Mmoja akajigeuza. Mwingine akaamka, akanywa maji, akarudi kitandani.

"Mjomba, filamu inaanza saa ngapi?"

"Ndiyo hii."

Mvulana yule ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi. Kwao Ipinda alizoea kibanda umiza: benchi lenye msumari, jenereta nyuma ya ukuta, mbu wa mabonde ya mpunga, na mkanda wa Kichina ambao kila mtu alijua nani atakufa. Kule ulilipa ili uone watu wakifanya mambo ambayo wewe huwezi. Hapa watu wazima walikuwa wamenyamaza, bia mkononi, wakimtazama mtu anayekoroma.

Hiyo ilikuwa Big Brother Africa ya kwanza. Washiriki 12 kutoka nchi 12 walifungiwa katika nyumba moja Johannesburg kwa siku 106, kamera zikiwafuata mpaka bafuni, na zawadi ilikuwa dola 100,000. Tanzania iliwakilishwa na Mwisho Mwampamba, na jina peke yake lilitosha pale baani. "Mwa" likishatangulia, Mnyakyusa haombi ushahidi zaidi. Mzee mmoja alishaanza kueleza ukoo wake na upande wa Busokelo walikotokea babu zake. Hakuna aliyejisumbua kuuliza kama ni kweli.

Wasomaji wa mijini wanaokumbuka mwaka ule hukumbuka zaidi mambo ya bafuni. Kyela mjini, bafu lilizungumzwa siku mbili, likachosha. Ubishi uliodumu ulikuwa wa vyombo: nani ameosha, nani amekula na kuacha sahani mezani, nani anacheka na mwenzake mchana kisha usiku anamtaja ili atolewe. Mama ntilie aliyekuwa akikaanga samaki mlangoni hakuwa na nafasi ya kutazama mfululizo. Alichungulia tu kila akigeuza samaki, lakini hukumu zake ndizo zilizonukuliwa kesho yake. Aliapa kwamba Mwisho atashinda. Akashinda Cherise Makubale wa Zambia, Mwisho akawa wa pili, na mama huyo akasema kwamba tangu mwanzo yeye alikuwa akimsifia binti wa Zambia. Watu kumi walimsikia akisema vingine. Hakuna aliyembishia, maana samaki walikuwa bado jikoni.

Kabla ya hapo, Agosti mwaka huohuo, habari ilivuka mto Songwe pamoja na wachuuzi wa Kasumulu: Bunge la Malawi lilikuwa limepiga marufuku kipindi hicho kisionyeshwe kwenye televisheni ya taifa, ingawa kijana wao Zein Dudha alikuwa mmoja wa washiriki. Baadaye mahakama ikaiondoa marufuku hiyo. Namibia, Rais Sam Nujoma naye alilitaka shirika la utangazaji la nchi yake liachane na mambo hayo. Baani kwa mjomba habari hiyo ilileta kicheko kirefu. Mteja mmoja aliuliza swali ambalo mwandishi hajalisahau: hao wabunge walijuaje kuwa ni uchafu, kama hawakukaa wakatazama?

Miaka minne baadaye hapakuwa na kicheko. Mwaka 2007 Richard Bezuidenhout, Mtanzania, aliingia katika nyumba ya Big Brother akiwa ameacha mke, na mbele ya kamera akaanza mapenzi na Tatiana wa Angola. Ipinda nzima ikawa baraza la usuluhishi. Kina mama walimlaani, wanaume wakasema ni mchezo tu, kisha wanaume hao wakaulizwa wamejuaje kuwa ni mchezo. Usiku wa fainali Richard alipotangazwa mshindi, mama mkubwa wa mwandishi, aliyekuwa amemwita mshenzi kwa wiki tatu, aliruka mpaka kitenge kikamdondoka. "Ni mshenzi," alisema akikifunga upya, "lakini ni mshenzi wetu."

Maelezo ya yote hayo mwandishi aliyakuta mahali asipoyategemea, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuwa akitafuta kitabu kingine. Akakutana na *Good Company*, kilichochapwa mwaka 1951, cha Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930. Kilichomkamata ni habari za vijiji vya rika. Wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja walitoka kwa wazazi wao, wakajenga vibanda vyao kando, wakalala huko wao kwa wao, na mchana wakaenda kundi zima kula kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule. Walikua pamoja, wakaoa, wakazeekea kijiji kimoja. Sifa kuu ya mtu ilikuwa kujua kukaa na wenzake: kula nao, kunywa nao, kuzungumza nao. Aliyekula peke yake alishukiwa.

Na palikuwa na kitu ambacho Wilson alikitafsiri kama pumzi ya watu. Mtu akikosea, majirani wakamnung'unikia, manung'uniko hayo yalisadikiwa kuwa na nguvu ya kumtia ubaridi na homa mwilini. Mkosaji akikiri na kupatana nao, alipona. Akishukiwa uchawi, angeweza kulazimika kuhama. Mwandishi aliisoma sura hiyo mara mbili huku akiiona baa ya mjomba. Wale wateja walikuwa wakifanya kazi ya babu zao: kunung'unika mpaka mtu ahame. Tofauti ni kwamba aliyehamishwa Johannesburg hakuwasikia, wala wao hawakuwa na haja ya kupatana naye kesho yake kisimani.

Kiingereza cha Wilson kilikuwa bado kichwani mwake aliporudi nyumbani likizo na kukuta mama mkubwa ana televisheni. Kipindi kilichotawala kilikuwa Maisha Plus, kilichoanza mwaka 2009 chini ya Masoud Kipanya, mchora katuni. Vijana waliwekwa kijijini wachote maji, wachanje kuni, walime. Watoto wa Dar es Salaam walishangiliwa kwa kuwasha moto. Ipinda, ambako moto huwashwa kabla ya swala ya asubuhi na kengele ya kanisa, jambo hilo lilichekesha kuliko ilivyokusudiwa.

Lakini baadaye walipoletwa pale wakulima wa Mama Shujaa wa Chakula, shindano lililoanzishwa na Oxfam mwaka 2011, mama mkubwa aliacha kucheka. Alisogeza kigoda. Hakuwatazama usoni, alitazama mikono. Mshiriki mmoja aliinama kupuliza moto, akageuza uso upande moshi ulipomjia, na mkono wake ukasogeza kuni moja nyuma bila yeye kuitazama. "Huyo anajua," akasema mama mkubwa. Mwingine alishika jembe karibu mno na chuma. "Huyo kaletwa." Wiki nzima alipiga kura zake hivyo, kwa mdomo, na kila mara kwa sababu ya mikono.

Mwaka 2014 nyumba ya Johannesburg iliungua kabla ya washiriki kuingia, kipindi kikaahirishwa, kikaanza Oktoba, na Desemba Idris Sultan, mpiga picha kutoka Tanzania, akaondoka na dola 300,000. Mwandishi alizipata habari hizo kwa simu, akiwa peke yake kitandani. Mjomba alikuwa ameshashusha dishi. King'amuzi kidogo kilimtosha, tena kwa mpira tu. Ubishi wa kwenye simu ulikuwa mkali kuliko wa 2003, wenye matusi ambayo baani yangemfanya mtu atolewe nje kwa shingo. Sasa yaliandikwa na watu wasioonana.

Binamu yake anajua vizuri ladha ya kuhukumiwa kwa televisheni. Alikwenda Mbeya kwenye usaili wa shindano moja la kusaka vipaji, akaimba, sauti ikamkatikia katikati. Televisheni ilionyesha sekunde chache tu, zile za kukatika. Kwa miaka miwili wenzake stendi ya Ipinda walimwita kwa mlio ule, bila jina, na yeye akacheka nao, maana angefanyaje.

Siku hizi anaendesha bodaboda kati ya Ipinda na Matema. Desemba iliyopita alimbeba mwandishi jioni kuelekea ziwani, milima ya Livingstone ikianza kuwa nyeusi, wanawake wakirudi na vyungu vya Kikisi kichwani. Alikuwa akiimba, vizuri kweli. Mwandishi akatoa simu taratibu. Binamu aliiona kwenye kioo cha pembeni, akanyamaza. Wakaenda hivyo mpaka darajani, mlio wa injini tu. Simu iliporudi mfukoni akakohoa kidogo, akaanza upya ubeti wa pili.