Kufuli ndogo ndani ya simu ya mama muuza sambaza

BUKAVU – Asubuhi moja, katika soko la Kadutu, mama muuza sambaza alipeleka simu yake kwa fundi. Kila mara wateja wa jumla walipopiga, simu ilikwama, na wateja wakaenda kununua kwa wengine.

"Mutoto yangu, picha nilishafuta zote," alisema.

"Mama, picha haziko shida. Ni memori ya kazi njo imejaa."

Kijana alisema kweli. Picha zinakaa kwenye ghala. Programu zinapofanya kazi zinakaa mahali pengine, na kwa simu za bei ndogo mahali pale ni giga moja ao mbili tu. Humo ndani simu za Android zina mashine pepe, ni kusema programu inayoendesha programu zingine. Zamani iliitwa Dalvik; tangu Android 5.0, mwaka 2014, ni ART.

Mashine hiyo inajaza memori kwa vitu vidogo vidogo: jina la mteja, bei, tarehe. Kila kitu kinabeba kichwa chake. Katika ART kichwa ni baiti 8: 4 za kuonyesha aina ya kitu, 4 zingine hasa kwa ajili ya kufuli. Kufuli inahitajika kwa sababu kazi nyingi zinakimbia pamoja, na mbili zikiandika kwenye hesabu moja kwa wakati mmoja, hesabu inaharibika, sawa na wauzaji wawili wanaonyang'anyana daftari moja la madeni. Lakini vitu karibu vyote havifungwi hata siku moja! Walioanzisha Java ndio waliotaka kila kitu kiweze kufungwa, na gharama yake inalipwa hadi leo.

Mwaka 1998 David Bacon na wenzake wa IBM walionyesha njia ya kupunguza gharama hiyo. Mara nyingi anayefunga ni mmoja tu, hakuna anayegombana naye. Basi biti 24 ndani ya kichwa zinatosha: namba ya aliyefunga, na mara ngapi. Mwingine akifika na kukuta pamefungwa, hapo ndipo inatengenezwa kufuli kubwa yenye foleni. ART inafuata njia hiyo hiyo.

Kwenye kompyuta kubwa Java ilikawia. Kwa kawaida kichwa kilikula baiti 12, hata kwa namba ya baiti 4, gunia zito kuliko samaki waliomo. JDK 25, ya Septemba 2025, inaruhusu baiti 8, mtu akiiomba.

Fundi wa Kadutu hawezi kubadilisha kichwa cha kitu chochote. Alifunga programu zilizokuwa zinaendelea kwa siri, akaondoa michezo miwili ya watoto, akaomba franka 2.000. Mama alilipa 1.500. Kabla hajafika mezani pake simu ililia, na safari hii alijibu.