Nota Inayokufa Mapema



Likizo iliyopita sisi mafrateri watatu tulikuwa Kikatiti, kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, tukisaidia kwaya ya kigango kujiandaa kwa Noeli. Gitaa la umeme lilikuwepo, ila kila nota ndefu ilikatika kabla waimbaji hawajamaliza pumzi. Kwa kuwa tumepiga gitaa la kawaida tangu seminari ndogo, tulimwambia mpigaji, kijana wa kidato cha tatu, kwamba habonyezi sawasawa. Alinyamaza. Zoezi lililofuata hakuja.

Mzee mmoja fundi redio, aliyepiga muziki wa dansi ujanani, alituuliza: "Mafrateri, mmelikagua gitaa, au mmemkagua mtoto tu?"

Hatukuwa tumelikagua. Nyuzi zilikuwa na kutu na jasho la siku nyingi, na uzi mchafu hupoteza mtikisiko upesi. Tena zile sumaku zilizozungushiwa waya, ambazo hunasa mtikisiko wa nyuzi, mtu alikuwa amezipandisha karibu ziguse nyuzi, bila shaka ili gitaa lisikike zaidi. Kumbe sumaku ikisogea mno huuvuta uzi, hasa ule mnene, ukashindwa kucheza kwa uhuru. Mzee akazishusha kwa bisibisi, ikabaki nafasi ya milimita 2 hivi. Nyuzi mpya tulizifuata Arusha mjini.

Alitufundisha na jambo jingine, tukalijadili mpaka chai ikapoa. Gitaa la kawaida lina tumbo lenye uwazi. Uzi huligawia nguvu yake, nalo huitikisa hewa. Ndiyo maana linasikika bila spika, na ndiyo maana nota yake huisha mapema. La umeme ni ubao mzito usiotikisika kirahisi. Uzi hubaki na sehemu kubwa ya nguvu yake, kazi ya kusikika ikaachiwa spika.

Darasani tulishasoma Maungamo ya Mtakatifu Augustino, kitabu cha 11, anapouliza sauti inapimwaje, maana ikiwa inalia haijakamilika, na ikikoma haipo tena. Jibu lake la kumbukumbu tulilieleza vizuri kwenye mtihani. Kumsikiliza kijana dakika mbili kulitushinda.

Tulikwenda kwao jioni kuomba radhi. Mama yake alitukaribisha vizuri kuliko tulivyostahili. Kijana alisema tu, "Shikamooni, mafrateri. Mimi nilijua linakufa lenyewe."

Noeli alipiga yeye. Nota zilidumu, isipokuwa sehemu moja ya shingo ambapo nota bado hufifia. Shingo yenyewe hutikisika pamoja na nota ile na kuila nguvu. Magitaa mengi yana mahali kama hapo. Tulitaka kumwonya, tukaona vidole vyake vinahamia uzi wa jirani kuitafuta nota ileile. Baada ya Misa tulimuuliza amejifunza lini. Akasema amekuwa akiparuka pale tangu mwaka jana.