Spinachi Iliyoishinda Julai

Ukitaka kuijua baridi ya Julai, msomaji, panda matatu ya Thika alfajiri. Ukungu hutanda juu ya mto Chania na abiria hushuka wamejikunyata kama kuku walionyeshewa. Theluji hatuna, lakini jua hujificha majuma mengi na mboga hudumaa.

Sasa shuka Ruiru. Palipokuwa na mibuni pengi pamejaa nyumba za kupanga, na shamba la mama ni gunia la udongo kando ya mlango. Humo imo spinachi iliyopandwa wakati wa masika. (Wajuao mimea husema hiyo ni jamaa ya bitiruti, si spinachi halisi. Usimwambie muuzaji sokoni, atakucheka.)

Mwisho wa Agosti jua likirudi, majani hujinyoosha. Chuma yale ya nje, uyavunje karibu na shina, uyaache machanga ya katikati. Geuza kila jani: konokono nao wamekaa humo baridi yote bila kulipa kodi. Vile vikonyo vinene usivitupe. Vikate vidogo, vitangulie sufuriani pamoja na kitunguu.

Mshahara ukiisha kabla ya mwezi, gunia hilo ndilo huamua kama ugali utaliwa kwa mboga au kwa chumvi. Nawe ukionekana na beseni, jirani atapita "kukujulia hali". Mpe fungu lake. Kabla ya majuma mawili kwisha mtakuwa mnachuma tena.