Masharubu na Mizani
Tovuti yetu ya mashairi iliandikwa kwa PHP, masharti ya programu na beti vikikaa faili moja. Mhariri, mwalimu mstaafu, alikuwa hagusi kitu, na alikuwa na haki: nukta mkato moja ikidondoka, ukurasa mzima unazima.

Nikapima injini mbili za violezo. Twig inakupa masharti na hesabu ndani ya ukurasa. Inatamanisha, kwa kweli. Nikachukua Mustache, iliyozaliwa 2009, jina likitokana na mabano yake yenye umbo la masharubu. Yenyewe inajua kitu kipo au hakipo, basi. Hata tarehe naipanga kwanza kwenye programu. Kero kwangu, lakini mwalimu sasa anapanga beti mwenyewe, hanipigii simu. Watunzi wa mizani wataelewa: ukibanwa, unajifunza kipi kikae wapi.