Kupeleka mtandao darasani kwa flashi

Nimepotea kidogo, kazi za wateja zilinibana. Leo naweka kando habari za kuandika programu, tuongee kuhusu shule.

Msomaji mmoja aliniuliza: hizi zana za bure za mtandaoni unazozisifu kila siku zinamsaidia nini mwalimu ambaye shule yake haina intaneti? Swali zuri, na jibu lake liko hapa hapa kwetu Nakuru.

Machi 2019, Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, kule Njoro, alishinda Global Teacher Prize huko Dubai. Dola milioni 1! Magazeti yaliandika sana juu ya hizo pesa, na juu ya jinsi alivyokuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia watu. Mimi mtu wa kompyuta nilivutiwa na jambo jingine. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu, mtandao wa kusuasua, na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Basi yeye alikuwa akienda saiba, anapakua anachohitaji, anarudi nacho darasani kukitumia bila mtandao. Mwaka 2018 wanafunzi wake walionyesha kwenye maonyesho ya kitaifa ya sayansi kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu, na timu ya hisabati ya shule hiyo ikafuzu kwenda mashindano ya Intel ISEF ya 2019 kule Arizona, Marekani.

Kwa lugha yetu ya kiufundi, mwalimu huyo alikuwa yeye mwenyewe ndiye kebo ya intaneti.

Siku hizi kazi hiyo ni rahisi zaidi. Kuna Kolibri, programu huria iliyotoka 2017 kutoka kwa Learning Equality, watu wale wale waliotengeneza KA Lite mwaka 2012. Unaiweka kwenye laptopu moja, unapakua masomo na mazoezi mara moja tu, kisha kompyuta nyingine zinaisoma kupitia Wi-Fi ya ndani. Mwalimu anaona nani amefanya zoezi na nani amekwama. Kuna Kiwix, ambayo inakufungia Wikipedia nzima ndani ya faili moja. Ya Kiingereza pamoja na picha inazidi GB 100, lakini ya Kiswahili ni ndogo, flashi ya kawaida inatosha.

Mimi nimeyajaribu haya katika shule moja ya kutwa nje kidogo ya mji. Laptopu kuukuu yenye Ubuntu, rauta niliyokuwa nimeitupa kabatini, na kompyuta sita za msaada. Bando la kupakua nililipa mwenyewe usiku, nikiwa nyumbani. (Ndiyo maana neno "bure" linanichekesha. Programu ni ya bure, bando si la bure.)

Mwalimu wa fizikia alikuwa na shida moja: somo la saketi za umeme, wanafunzi zaidi ya hamsini, betri na balbu za kuhesabu kwa vidole. Nikamwonyesha majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado. Mengi yake kila moja ni faili moja tu ya HTML, unainakili na inafunguka kwenye kivinjari cha kisasa. Wanafunzi wakakaa wanane wanane kwa kila kompyuta. Kundi la kwanza likaunganisha waya moja kwa moja toka ncha moja ya betri hadi nyingine, moto ukawaka kwenye skrini, darasa zima likapiga kelele. "Fundi," mwalimu akaniambia, "hili jaribio nisingethubutu kulifanya kwenye maabara."

Hata hivyo sitaki kuwadanganya. Kuburuta waya kwa kipanya si sawa na kuushika, na mwalimu huyo bado anazitumia zile betri zake chache, kundi kwa kundi. Pia watoto wanane kwenye kompyuta moja maana yake wawili wanafanya na sita wanatazama. Hilo hakuna programu itakayolitibu.

Ushauri wangu kwa walimu: pendeleeni zana mnazoweza kuzishika mkononi. Google walikuwa na ubao wa kuchorea, Jamboard, wa bure kabisa na walimu wengi waliupenda. Wakaufunga mwisho wa 2024. Faili iliyo kwenye diski yako hakuna mtu wa California atakayeifunga.

Kilichobaki pale shuleni ni umeme. Ukikatika, rauta inazima na kipindi kinarudi kwenye chaki. Sasa hivi napima kama betri ya pikipiki inaweza kuiendesha rauta kwa vipindi viwili. Nikipata vipimo nitaviweka hapa. Kama kuna aliyewahi kujaribu, tafadhali niandikie.