Mbele ya kugawa vitu vya nyumba

Mwezi huu tuongee jambo lenye sisi wachungaji wengi tunaogopa kugusa: wakati ndoa inavunjika, vitu vya nyumba vinagawiwa namna gani?

Siku moja mama mumoja wa kanisa letu alikuja kwangu jioni. Bwana yake, mufanyakazi wa mugodi, alikuwa ameanza kutosha vitu mu nyumba usiku: kwanza frigo, kisha mashini ya kushona, kisha karatasi za parseli. Vyote vilienda kwa kaka yake mukubwa. Mama akaniuliza: "Pasta, nifanye nini?" Nikamujibu: "Mama, nyamaza, uombe tu. Vitu ni vya dunia." Kisha miezi mitatu, parseli ikauzishwa. Mama na watoto wane wakarudi kwa wazazi wake. Wandugu, ninaungama mbele yenu: ile siku sikumusaidia. Nilifunika uvivu wangu na neno la Mungu.

Ni kweli, Mungu hapendi kuachana. Someni Malaki 2:16. Kwanza mutafute amani. Muite wakubwa wa jamaa za pande zote mbili. Hata ku tribinali, zuzi anajaribu kwanza kuwapatanisha mbele ya kukata maneno. Lakini kama imeshindikana, mujue haya.

Sheria yetu ya jamaa ya 1987, yenye ilirekebishwa mu 2016, iko na njia tatu za mali. Ya kwanza: kila mumoja na vyake. Ya pili: vyote ni vya wote. Ya tatu: vya pamoja ni vile mulipata ndani ya ndoa. Kama hamukuchagua siku ya kuandikisha ndoa ku komine, ni hii ya tatu inawafunga. Shamba lenye mama alirithi kwa baba yake ni lake. Lakini parseli yenye mulinunua kisha kuoana ni ya wote wawili, hata kama karatasi iko na jina la bwana peke yake.

Wababa wengine wanasema: "Ni mimi nilishuka mu mugodi, yeye alikaa tu nyumbani." Ndugu, nani alikupikia mbele ya kwenda posti ya usiku? Nani aliuzisha makala na unga wakati mushahara ulikosekana?

Basi, mutayarishe hivi. Tafuta karatasi ya ndoa na karatasi za parseli, na uweke kopi kwa mutu wa kuaminika. Andika kila kitu na mwaka wenye mulikinunua. Andika na madeni, hata pesa ya likelemba, kwa sababu deni la nyumba nalo linagawiwa. Usifiche, usiuzishe kwa siri: kuuzisha nyumba ya pamoja, sheria inaomba wote wawili wakubali. Na wenye wako na ndoa ya mahari tu, muende ku komine kuiandikisha sasa, wakati mungali mu amani.

Watoto hawaingie mu hiyo liste. Wao si vitu, na wasitumwe kuchukua habari upande mumoja na kupeleka upande mwingine.

Mu Luka 12, mutu mumoja aliomba Yesu amugawie urithi na ndugu yake. Yesu alikataa kuwa mugawi, lakini aliwaonya wote juu ya tamaa. Mimi pia si zuzi. Lakini kuonya ni kazi yangu, na ile jioni sikuifanya.

Yule mama angali anakuja ibada, anakaa ku banki ya nyuma. Ananisalimia kwa upole. Ule upole wake ndio unaniumiza, na ndio umenisukuma kuwaandikia.

Mungu azilinde nyumba zenu.